Gari Kuukuu Lijifunze Kusimama Kabla ya Kukimbia

Katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia, kupita Palma, mpaka Quionga karibu na mlango wa mto Ruvuma, chumvi haikai baharini peke yake. Upepo huibeba hadi uani mwa nyumba, ikatua juu ya mabati, juu ya bawaba za milango, na juu ya gari lililoegeshwa chini ya mwembe. Asubuhi mwenye gari hupangusa kioo akidhani ni umande mtupu. Kumbe umande ule una chumvi ndani yake, na chumvi hiyo hufanya kazi usiku na mchana bila ya likizo.

Ndiyo maana katika pwani hiyo gari kuukuu la saluni, lile lililosifiwa enzi zake kwa mbio na kwa umbo, ni mali na ni mtihani pia. Baba hulitazama akaukumbuka ujana wake. Kijana hulitazama akaona gari la mashindano. Mama hulitazama akaona fedha za nyumba zinazomezwa na vyuma, kisha akakitazama kiti cha nyuma ambacho watoto wake watakaa. Wote watatu wana haki, na kazi ya kulifufua gari haina budi kumridhisha kila mmoja wao. Lakini wa kwanza kuridhishwa ni yule anayekitazama kiti cha nyuma.

Miaka ya karibuni imeliongezea jambo hili uzito. Mapigano yaliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 yaliwatoa watu wengi katika nyumba zao. Mji huo ulitekwa mwezi Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021. Na Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Jamaa walipoanza kurejea, gari lililobaki uani, kama lilisalimika, lilikuwa limelala misimu kadhaa ya mvua na jua. Askari anajua, na jamaa yake hawana budi kujua, kwamba gari lililoachwa mahali palipopiganwa vita halifunguliwi hata mlango mpaka wataalamu wa mabomu wamelikagua. Hakuna kipuri kinacholingana na mkono wa mtu.

Baada ya ukaguzi huo ndipo linapokuja swali lenyewe: je, gari la zamani la namna hii linaweza kweli kurudi barabarani, na likawa bora kuliko lilivyokuwa? Jibu moja lilitolewa zamani kidogo, tena hapa hapa Afrika Mashariki.

VOLVO ILIYOKWISHA TUMIKA

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia yake haikuwahi kuvuka Ruvuma. Hata hivyo barabara zake za vumbi, mchanga na tope la mvua za Pasaka zilifanana sana na zile ambazo mwenyeji wa Palma anazijua. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika tena 7 tu. Kwa hiyo mashindano hayo hayakuwa ya mbio pekee. Yalikuwa mtihani wa kufika.

Mwaka 1965 ushindi ulichukuliwa na ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, wakiendesha Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano ya mwaka uliotangulia, nao wakalinunua likiwa limeshatumika, wakalitengeneza upya. Umbo lake pia lilikuwa la kizamani, kwani lilitokana na gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, na katika Oktoba ya mwaka ule ule wa 1965 kiwanda kiliacha kabisa kulitengeneza. Pamoja na hayo yote, gari hilo kuukuu liliwaacha nyuma wale waliolifuata kwa dakika 100, yaani saa nzima na dakika arobaini.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia katika kazi ya gereji kabla ya kujulikana kama dereva. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo la saluni. Na ule wa 1974 aliupata mbele ya Porsche ya Björn Waldegård. Lakini hesabu yake iliyo kubwa zaidi si ya kushinda. Katika Safari 22 alizoingia, alifika mwisho mara 19. Mtu anayefika mara 19 katika barabara kama zile ni mtu anayelijua gari lake tangu chini hadi juu. Alifariki dunia mwaka 2013.

Mfano mwingine ni Peugeot 404, lililotoka mwaka 1960. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki gari hili lilikuwa teksi, likabeba maharusi, wagonjwa na magunia ya mchele. Ndilo hilo hilo lililoshinda Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Na mwaka 1970 Datsun 1600 SSS, gari la milango minne lenye kabureta mbili, liliwapa ushindi Edgar Herrmann na Hans Schüller. Magari hayo yote yalikuwa ya familia kwanza, kisha yakatengenezwa yawe ya mashindano. Mpangilio wa kazi iliyofanywa juu yao ndio fundisho kwa mwenye gari la uani: uimara kwanza, mbio baadaye.

KUTU NDIYO ADUI WA KWANZA

Wengi huanza na rangi kwa sababu rangi huonekana. Huko ni kuvika kanzu mpya juu ya kidonda. Katika magari mengi ya saluni ya miaka ya 1960 na kuendelea, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Hakuna chasisi ya pekee chini yake kama ya lori. Kwa hiyo kutu ikiila sakafu na mihimili ya pembeni, inakula nguvu ya gari lote.

Mwenye gari achukue bisibisi na nyundo ndogo, aondoe mazulia yote, kisha agonge na kuchoma polepole kila mahali: sakafu, mihimili chini ya milango, mapaja ya magurudumu, mahali springi na shokomzoba zinaposhikia, chini ya kioo cha mbele, na sehemu ya kuwekea jeki. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti ya kopo lenye matope, na bisibisi hupenya. Kilichooza hukatwa mpaka kwenye chuma safi, kikachomelewa bamba jipya. Puti ni ya kusawazisha mabonde madogo tu. Haishiki springi, wala haimkingi mtoto gari likigongwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ukuta huo ni ghali.

Baada ya kuchomelea hufuata brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Ndani ya mihimili iliyo wazi kama mabomba humiminwa nta au mafuta mazito yatakayotambaa mpaka pembeni. Matundu madogo chini ya milango yasizibwe, kwani ndiyo njia ya maji kutoka.

Katika mwambao kuna mambo mengine mawili ya kukumbuka. La kwanza ni maji ya kuoshea. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi yana chumvi. Anayeosha gari kwa maji hayo analilisha adui. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ni bora, na sehemu ya kuoshwa zaidi ni tumbo la gari kuliko paa lake. La pili ni kivuli. Turubai lililofungwa kwa kubana huzuia jua lakini hufungia unyevu ndani. Banda la makuti lililo wazi pande zote, lenye kupitisha upepo, hulitunza gari vizuri zaidi.

BREKI, MIGUU NA MAJI

Mifupa ikishakuwa mizima, kazi ya pili ni breki, hata kama injini bado haijawahi kunguruma. Sababu ni hesabu. Gari linaloongeza mwendo kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80 halizidishi mzigo wa breki mara mbili tu, bali mara nne. Likiongeza hadi 120, mzigo huwa mara tisa. Anayeongeza nguvu ya injini bila kutengeneza breki anajiandalia ajali kwa fedha zake mwenyewe.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Yakishakunywa maji huchemka upesi breki zinapopata moto, na pedali huzama mpaka chini bila gari kusimama. Tena unyevu huo hula silinda kwa ndani. Kwa gari lililolala, mafuta ya breki yote yamwagwe, masta silinda na silinda za magurudumu zifunguliwe, mipira yake ibadilishwe, na mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu yatupwe. Mafuta ya injini kamwe yasitiwe katika breki, kwani huivimbisha mipira na kuiharibu. Vumbi la viatu vya breki vya zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, maana linaweza kuwa na asbesto, ambayo ni sumu ya mapafu. Lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe.

Peugeot 404 za mwanzo zilikuwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Mwenye uwezo wa kupata breki za diski za mbele kutoka gari la aina hiyo hiyo lililotoka baadaye atakuwa amefanya badiliko la maana kuliko kabureta yoyote. Mafundi wenye busara hupenda vipuri vya ukoo mmoja, kwa sababu hukaa mahali pake bila ya kulazimishwa.

Kisha hutazamwa miguu: springi, shokomzoba, bushi za mpira na viungo vya usukani. Tairi litazamwe umri wake, si meno yake pekee. Tairi lililokaa miaka mingi juani hupasuka mashavuni hata kama lina meno kama jipya.

Mwisho wa sehemu hii ni maji ya rejeta. Kama ilivyo kwa kuosha, maji ya kisima chenye chumvi yasitiwe. Hula chuma na alumini, na kuacha magamba yanayoziba njia. Itumike dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi, au kwa uchache maji ya mvua yaliyochujwa.

INJINI ILIYOLALA HAIAMSHWI KWA KELELE

Kosa la kawaida ni kutia betri mpya na kupiga stata siku ile ile. Ringi za pistoni zilizoshikana na kutu hukatika, na ukuta wa silinda ukakwaruzwa. Njia iliyo salama ni ya subira. Plagi hutolewa, mafuta mepesi kidogo hutiwa katika kila silinda, huachwa siku moja au mbili, kisha injini huzungushwa kwa mkono kwa spana. Ikizunguka bila kukwama, mafuta ya injini hubadilishwa pamoja na filta. Petroli ya zamani, ambayo huwa imegeuka kama gundi yenye harufu kali, hutolewa yote. Tangi, mabomba na kabureta husafishwa.

Tangi la petroli lisichomelewe nyumbani kwa hali yoyote ile. Tangi lililo tupu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa, au tangi libadilishwe.

Jambo moja limebadilika tangu magari hayo yatengenezwe. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa katika nchi zilizo kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Risasi ile, ingawa ilikuwa sumu kwa watu, ilikuwa ikizilinda valvu za injini za zamani zenye viti laini. Injini ya namna hiyo ikifunguliwa, yafaa fundi atie viti vigumu. Katika Peugeot 404 kuna nafuu nyingine: kuta za silinda zake ni mabomba yanayochomolewa na kutiwa mengine pamoja na pistoni, kwa hiyo injini iliyochakaa huweza kurudishwa upya bila ya kupelekwa kwenye mashine ya kuchonga.

MBIO NI ZA MWISHO

Baada ya yote hayo ndipo kijana apewe nafasi yake. Magari ya Safari yaliongezewa springi imara, kinga ya bamba chini ya injini, na taa zenye nguvu. Kwa barabara za Cabo Delgado, hayo ndiyo marekebisho ya kwanza yanayofaa. Gari liinuliwe kidogo kwa springi zilizo sahihi, si kwa vipande vya mbao. Kinga ya injini itengenezwe kwa bamba lenye matundu ya kupitisha hewa. Dinamo ya zamani ibadilishwe kwa altaneta, taa zipate umeme wa kutosha.

Badiliko kubwa kuliko yote kwa familia ni mkanda wa usalama. Volvo ndio walioanza kuweka mkanda wa pointi tatu katika viti vya mbele vya magari yao mwaka 1959, ukiwa umebuniwa na mhandisi wao Nils Bohlin, na PV544 lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuupata. Magari mengi ya rika lile hayakuwa nao, hasa kiti cha nyuma. Mkanda utiwe mbele na nyuma, na ushikiliwe kwenye chuma kizima kilichoimarishwa kwa bamba. Ukifungwa katika chuma chenye kutu ni pambo tu.

Kama fedha inabaki, kabureta mbili, ekzosi iliyo wazi zaidi au kichwa cha injini kilichochongwa vinaweza kuongeza nguvu. Lakini kila farasi anayeongezwa ana chakula chake: petroli zaidi, joto zaidi, na uchakavu wa klachi na gia. Penye kituo cha mafuta mbali na barabara yenye mchanga, injini iliyo tulivu ndiyo inayowafikisha watu nyumbani.

UANI PANA WATOTO

Gereji ya nyumbani si kiwanda kilichofungwa. Ni mahali watoto wanapochezea na mama anapopikia, kwa hiyo amri zake ziwe kali kama za kambini. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Ziwekwe stendi za chuma au magogo mapana yaliyo imara, na magurudumu yazuiliwe kwa mawe. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua mtu kama anayesinzia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukalifikia jiko la mkaa. Siku ya kazi ya mafuta, jiko lihamishwe mbali, tena upande unakotoka upepo. Petroli isivutwe kwa mdomo, wala isihifadhiwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

DAFTARI NA KARATASI

Mume na mke wawe na daftari moja lenye safu tatu: usalama, uimara, na urembo. Kila kipuri kiandikwe katika safu yake pamoja na bei. Fedha ikipatikana, hutumika katika safu ya kwanza mpaka iishe, ndipo ya pili, na ya mwisho ndiyo ya urembo. Daftari hilo huokoa ugomvi mwingi, kwa sababu kila mmoja huona fedha ilikokwenda, na siku ya kuuza gari huwa ni ushahidi wa kazi iliyofanyika.

Karatasi nazo zisisahauliwe. Namba ya bodi na ya injini zilingane na zilizomo katika hati ya gari, ile inayoitwa livrete upande wa Msumbiji. Injini ikibadilishwa au rangi ikigeuzwa, iandikishwe. Katika eneo ambalo magari mengi yaliachwa na wenyewe walipokimbia, injini au mlango wa bei rahisi usio na mwenyewe anayejulikana ni mali ya jirani aliyehama. Askari wa barabarani anapouliza hati, hamsumbui mtu mwema. Huenda anamtafutia jirani huyo haki yake.

Siku gari litakapotoka uani kwa mara ya kwanza, lisiende sokoni. Lipelekwe mahali pa wazi pasipo watu, liende kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha lisimamishwe. Liongezwe mwendo kidogo, lisimamishwe tena. Na hivyo hivyo mara kumi. Likirudi nyumbani, lichunguliwe chini kama kuna tone la mafuta. Likishasimama mara zote bila kuyumba wala kuvuja, kiti cha nyuma kinaweza kupata watu wake, na safari ndefu ikaanza. Wahenga walisema kawia ufike, na Joginder Singh aliyefika mara 19 hakuwa na siri nyingine.